Corolla yangu ya 1998: pesa inakokwenda

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, swali ni moja tu: hilo gari utaliuza lini? Ni Toyota Corolla ya 1998, muundo wa AE110, injini ya aina ya 5A ya cc 1500, gia za mkono, rangi iliyokuwa fedha zamani. Nalibebea vitenge kwenda Koboko siku ya soko, Nebbi, na Kampala mzigo ukiisha. Jibu langu ni hesabu. Sheria ya 2018 imepiga marufuku kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo lililo rika la hili langu haliji tena kutoka Japani. Toyota Premio ya miaka ya karibuni kidogo utaweka mezani zaidi ya shilingi milioni 30 za Uganda, na ukikopa, riba juu yake. Langu hula milioni mbili na nusu hivi kwa mwaka, ukitoa petroli na bima, na asubuhi linawaka.

Ila watu hudhani hizo milioni zinaishia kwenye injini. Wapi! Injini yenyewe imenigharimu kidogo kuliko wanavyodhani, na mara moja ilikaribia kutupwa bure. Nilikuwa Kampala, gari likaanza kukohoa: ukikanyaga resi linasita, likisimama linatetemeka mpaka vioo vinalia. Gereji moja ikasikiliza kwa dakika chache ikatoa hukumu: injini imekufa, leta milioni 1 na laki 8 tukufungie nyingine. Nikaomba radhi nikaondoka, nikaendesha polepole hadi kwa kijana mmoja aliyependekezwa na wenye duka ninakonunua vitenge. Yule hakuuliza mengi. Alichomoa waya wa plagi ya pili, akanionyesha ncha yake: inachuruzika oili. Kwenye injini hizi plagi zimekaa ndani ya visima juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, na mipira inayozuia oili isiingie kwenye visima hivyo hukauka ikawa migumu kama biskuti. Oili inajaa, cheche inapotea njiani, silinda moja inalala. Gasketi ya kava pamoja na mipira yake: 35,000. Plagi nne: 48,000. Ufundi: 20,000. Usiku huo nililala Karuma, njiani kurudi Arua.

Tangu siku hiyo, fundi akitamka neno "kufunga injini nyingine" kabla hajashika spana, namuaga.

Mshipi wa taimingi, ule unaooanisha valvu na pistoni, pia watu huuogopa kupita kiasi. Wa 5A hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari lililoingia nchini likiwa limetumika, usiiamini namba ya kwenye dashibodi. Badilisha tu uanze kuhesabu upya. Uzuri wa injini hii ni kwamba mshipi ukikatika gari huzima tu, valvu hazigongani na pistoni. Utasukumwa, utaaibika, lakini hedi iko salama. Mshipi, tensheni na sili zake vilinitoka 190,000 pamoja na ufundi.

Sasa njoo kwenye maji, maana hapo ndipo gari zee huuliwa na watu wanaolipenda.

Anayejua njia yetu anaijua Pakwach. Kutoka Karuma barabara inapita kando ya mbuga ya Murchison Falls, nyani wamejipanga pembeni, tembo akiamua anavuka, na si mahali pa kusimama ukafungua boneti. Unavuka daraja la Nile pale Pakwach, mita mia sita na kitu tu juu ya usawa wa bahari, joto limetanda, halafu unaanza kupanda kuelekea Nebbi na mwisho Arua, ambako ni kama mita 1,200. Rejeta yenye kasoro huungama kwenye mlima ule. Langu liliungama likiwa limebeba vitenge hadi dirishani. Mshale ukapita nusu, nikazima kiyoyozi, nikafungua hita (ndiyo, hita, kwenye joto lile, kwa sababu nayo hutoa joto kwenye injini), na bado ukapanda. Nilisimama chini ya mwembe nikaacha lipoe lenyewe bila kugusa kifuniko. Yupo jirani yangu aliyekifungua kikiwa moto. Mkono wake una kovu hadi leo.

Fundi wangu wa Arua, mzee mmoja aliyejifunzia kazi kwenye malori ya Kongo na ambaye huniita Hajati ingawa Maka sijafika, alifungua akaanza kucheka. Themostati haikuwepo. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliitoa. Feni nayo ilikuwa imefungwa dairekti, inazunguka muda wote ufunguo ukiwashwa. Na maji ndani ya rejeta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hajati, hapa watu walikuwa wanaficha ugonjwa," akaniambia.

Akanieleza akiwa anafungua. Bloku ya injini hii ni chuma, hedi ni aluminiamu. Ukitia maji ya bomba miaka na miaka bila kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, chuma kinaota kutu, kutu inasafiri mpaka kwenye vile vijia vyembamba vya rejeta na kuviziba kimoja kimoja. Gari linaanza kuchemka. Fundi mvivu anatoa themostati maji yapite kwa kasi, anafunga feni dairekti, mshale unashuka, mteja anafurahi. Rejeta inaendelea kuziba. Na kwa vile themostati ndiyo huzuia maji mpaka yafike kama nyuzi 82, bila hiyo injini ya asubuhi ya Arua haipati joto upesi; sensa inadhani bado ni baridi, petroli inamwagwa kupita kiasi. Kumbe lile lalamiko langu la mafuta kuisha haraka nalo lilikuwa na chanzo hicho hicho.

Hedi ilikuwa imepinda. Aliweka rula ya chuma juu yake, akapitisha chini ya rula kile kibati chembamba cha kupimia, akaniita nione mwanga ukipenya. Kinachoruhusiwa ni milimita 0.05, chini ya unene wa unywele. Yangu ilipita hapo waziwazi. Ikapelekwa kusagwa.

Bili yake ninayo: seti ya gasketi 120,000, kusaga hedi 70,000, rejeta mpya 260,000, themostati 35,000, swichi ya feni 30,000, kulanti 60,000, oili na filta 120,000, ufundi 200,000. Jumla 895,000. Na ile themostati iliyotolewa kuficha ugonjwa ni elfu 35 tu. Siku hizi nikienda kutazama gari ambalo mtu anataka kulinunua (wameanza kuniita, sijui kwa nini), nalitazama likiwa baridi, nafungua kifuniko cha rejeta kwanza. Maji ya kahawia, mazungumzo yameisha. Halafu kifuniko cha oili: ukiona povu jeupe chini yake, oili imeshakutana na maji. Rangi nzuri na viti vilivyovalishwa ngozi nitavitazama baadaye kama nikiwa na nafasi.

Kifuniko chenyewe nacho si cha kudharau. Kina springi inayozuia maji yakiwa na presha ili yachelewe kuchemka. Huku kwetu juu maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo springi ikilegea, injini haina akiba yoyote. Ni 25,000. Nunua.

Kinachokula pesa mfululizo, mwaka hadi mwaka, ni vyuma na mipira ya chini ya gari. Lami ya Vurra hadi Oraba, inayopita Arua na Koboko, ni nzuri, sina neno. Lakini ukiacha lami kuingia sokoni ni murram yenye mawimbi, na kila kituo cha biashara kina matuta yake, mengine yamejengwa kwa hasira. Nimejifunza kusikiliza. Ko-ko-ko ya haraka kwenye vijishimo vidogo ni linki za stebilaiza, vile vijiti vya baa inayozuia gari kulala upande kwenye kona, 30,000 kila moja, nafuu kuliko vyote, na ndizo fundi asiye mwaminifu atakuambia ni shokapu. Kishindo kimoja kizito ukikanyaga breki ni bushi za wishiboni, mipira ya ule mkono wa chuma unaoshika tairi. Usukani ukikuhangaisha barabara iliyonyooka, tazama tairodi, fimbo inayogeuza tairi ukikata usukani. Kisha omba gari lipigwe jeki na tairi litikiswe mbele yako: likicheza juu na chini, boljointi au beringi, likicheza kushoto na kulia, tairodi. Boljointi, kiungo kinacholishika tairi kwenye wishiboni, usiahirishe. Ikichomoka tairi linalala na gari linakwenda linakotaka.

Hapa nina msimamo, na nimegombana na wengi juu yake: kila chenye mpira au oili ndani nunua kipya, vya umeme na vya chuma nunua vilivyotumika kutoka Japani. Bushi na shokapu zilizotumika, zinazokuja kwa kontena, zimekaa miaka zikikauka, unalipa ufundi mara mbili. Lakini alternata iliyotumika, ya asili, itaishi kuliko mpya ya bei rahisi yenye boksi linalong'aa. Vitu vyangu hutoka Kisekka au Ndeeba, kwenye vipuri kule Kampala: dalali ananitumia picha kwa WhatsApp, namtumia picha ya kile kibovu pamoja na namba zilizochongwa juu yake, analipwa kwa simu, kifurushi kinapanda basi la usiku na asubuhi kiko Arua. Bila namba usitume hata shilingi. AE100, muundo uliotangulia, na AE110 ni ndugu, lakini si vitu vyao vyote vinaingiliana.

Na kabla ya kununua kizima, uliza kama kinafunguka. Stata yangu ilifika mahali ukigeuza ufunguo unasikia "tak" moja, basi. Betri nzima, taa zinawaka kali. Iliyotumika ilikuwa 180,000. Mzee akafungua solenoidi, swichi kubwa iliyo juu ya stata, akatoa vipande viwili vya shaba vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vimelika upande mmoja mpaka vimebaki wembe. Alivibadilisha kwa 20,000, akasugua kile kisahani kinachovigusa, akafunga. Mpaka leo.

Klachi nilibadilisha seti nzima, 400,000 na ufundi, sina la kuongeza. Padi za breki za mbele ni 60,000. Redio ilikuja na masafa ya Japani, 76 hadi 90, kwa hiyo nusu ya stesheni zetu siipati. Kuna kidude cha kupanua masafa lakini nimeamua ukimya unanisaidia kusikia linki.

Wiki hii ni zamu ya shafti ya kushoto, inayozungusha tairi la mbele. Ule mpira unaofunika jointi umepasuka, grisi imetapakaa ndani ya rimu. Bado hailii ukikata kona yote, maana yake mchanga haujaingia. Mpira na grisi ni 25,000. Nikingoja mpaka ianze tak-tak-tak itakuwa jointi nzima, 110,000. Mzee ameshasema nisiende Koboko nayo hivyo, na kifurushi kimetoka Kampala jana usiku. Saa nne tunafungua tairi.