Kufunga koilova kwenye vani nyumbani: kimo hupangwa na mzigo

Kabla ya kuagiza seti ya koilova (shokapu na springi zenye ringi za kuzungusha ili kupanga kimo cha gari), ingia chini ya vani uone imejengwaje. Vani nyingi za sasa zina strati mbele, yaani shokapu na springi vikiwa kipande kimoja, lakini nyuma zinatofautiana. Ukikuta springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, koilova za kawaida hazihusiki na nyuma hiyo. Kushusha hapo kuna vifaa vyake. Volkswagen Transporter T4 (1990–2003) huwakamata wengi: mbele haina springi ya mviringo kabisa, ina fimbo za kujisokota, na hushushwa kwa boliti ya kurekebishia fimbo hizo. T5 iliyoanza 2003 ndiyo ina strati mbele, na nyuma springi iliyotengana na shokapu. Maelezo haya yanafuata mpangilio huo wa T5, na vani nyingi za ukubwa wake hazitofautiani nao sana.

Jambo la pili ni uzito. Soma kibati cha gari kinachotaja mzigo unaoruhusiwa kwa kila ekseli, kisha nunua seti iliyotengenezwa kwa uzito huo. Springi za toleo la abiria zikifungwa kwenye vani ya kazi, gari litapendeza likiwa tupu, na siku ya mzigo litakalia mipira ya kuzuia mgongano kila linapopita shimo. Ukishusha milimita 60, umeondoa milimita 60 za nafasi ya gurudumu kupanda juu. Kwa vani inayobeba mizigo, milimita 40 hadi 50 zinatosha. Zaidi ya hapo ni kwa gari la maonyesho. Na unapopima, pima gari likiwa na kile linachobeba kila siku: rafu za zana, kitanda, tangi la maji, chochote kile.

Chukua vipimo kabla ya kugusa boliti yoyote. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudigadi ulio juu yake, pembe zote nne, gari likiwa sehemu tambarare. Ukipima kutoka chini ardhini, upepo wa tairi na tairi iliyokwisha vitakudanganya. Andika namba hizo mahali pa kudumu. Zitakusaidia mara tatu kazini.

Pamoja na seti, nunua mauntingi mpya za juu (vishikio vinavyofunga strati kwenye bodi) na beringi zake, nati na boliti mpya za kila mahali ambapo kiwanda kinasema zisirudiwe, na linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha pande mbili ili gari lisilale kwenye kona) kama za zamani zimelegea. Mauntingi mpya zina faida nyingine kubwa: strati ya zamani inatoka nzima na kuwekwa kando, bila kuifungua. Ukitaka kuokoa mauntingi ya zamani utalazimika kuibana springi ya kiwandani kwa kibanio, na springi hiyo imeshikilia nguvu ya mamia ya kilo. Ikichomoka inaweza kuua. Springi ya koilova ni fupi na kwa kawaida hukusanywa kwa mkono, kwa hiyo ukinunua mauntingi mpya hatari hiyo yote inaondoka.

Siku moja kabla, safisha kwa brashi ya waya na upulizie mafuta ya kulegeza kutu kwenye linki za stabilaiza, boliti inayobana strati kwenye habu (kipande kinachobeba gurudumu), na boliti za chini za shokapu za nyuma. Puliza tena jioni.

Mbele, legeza boliti za magurudumu gari likiwa bado chini, zuia magurudumu ya nyuma kwa kabari, inua, kisha weka stendi chini ya sehemu za chesisi zilizoandaliwa kwa jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Inua pande zote mbili kwa pamoja hata kama unafanya upande mmoja mmoja, kwa sababu upande mmoja ukibaki chini stabilaiza inajikunja na kusukuma mkono wa gurudumu (chuma kinachounganisha gurudumu na chesisi) unaotaka kuushusha. Chomoa waya wa sensa ya ABS na mpira wa breki kwenye vishikio vyake vya strati. Linki ya stabilaiza kwa kawaida huzunguka pamoja na nati. Shika kichwa cha boliti yake kwa spana ya aleni au ya nyota huku ukifungua nati kwa spana ya kawaida. Ikikataa kabisa, ikate, maana unayo mpya.

Strati ikiwa imeingia ndani ya habu kama bomba, toa boliti inayobana, ingiza kifaa cha kupanulia kwenye ule mwanya na ukizungushe robo mzunguko. Habu ikipanuka, igonge kidogo kidogo kwenda chini kwa nyundo ya mpira. Patasi nayo hupanua, lakini huacha kovu au ufa kwenye habu. Kwenye magari ambayo strati hushikwa na boliti mbili pembeni, chora alama ya rangi kabla ya kufungua, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo kemba (mwinamo wa gurudumu kwa juu, ndani au nje) inapopangwa.

Habu ikishaachiana na strati usiiache ining'inie kwa mpira wa breki, wala usiivute nje. Ukiivuta nje, jointi ya ndani ya draivshafti (shafti inayozungusha gurudumu) inaweza kuachana ndani ya mpira wake, na kazi ya mchana mmoja ikageuka kazi ya wiki. Ifunge kwa waya kwenye chesisi. Nati za juu za strati kwenye vani nyingine hufikiwa baada ya kutoa mikono ya waipa na plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele. Zifungue mwisho, na mwenzako awe ameshika strati kutoka chini, ni nzito.

Kukusanya koilova mezani hakuchukui muda, ila kuna makosa mawili yanayoziua kabla hazijatembea. La kwanza ni kushika fimbo inayong'aa ya shokapu kwa koleo: mkwaruzo mmoja hukata sili na mafuta huanza kuvuja. La pili ni kukaza nati ya juu kwa mashine ya kugonga, ambayo huizungusha fimbo ndani kwa kasi na kuharibu sili na vali. Shika fimbo kwa spana ya aleni na ukaze nati kwa mkono hadi torki (nguvu ya kukazia) iliyotajwa na mtengenezaji. Hakikisha mpira wa kuzuia mgongano umeingia ndani na kifuniko cha vumbi kipo. Weka ringi za kupangia kimo za pande zote mbili sawa kwa rula, ukipima kutoka sehemu moja ile ile ya bomba, ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya seti.

Mipaka hiyo ina sababu. Ringi ikishuka kupita kiasi, gari likiinuliwa springi inabaki huru na kucheza. Ukipita tuta kwa kasi inaweza kukaa vibaya kwenye kiti chake. Wengine pia huamini kwamba kupandisha ringi kunaifanya springi kuwa ngumu. Kwa springi yenye ugumu mmoja hilo si kweli gari likiwa limesimama kwa uzito wake: springi inabeba uzito ule ule na kubanwa kiasi kile kile, ila gari limepanda.

Unaporudisha strati, safisha tundu la habu, linganisha ulimi wa strati na mwanya, na uisukume hadi igote. Ikibaki juu kidogo, pande mbili hazitalingana kimo na utapoteza siku nzima kusingizia ringi.

Nyuma ni rahisi zaidi kwa mikono, ila kunahitaji macho. Weka jeki chini ya mkono, toa boliti ya chini ya shokapu, kisha shusha mkono polepole ukitazama mpira wa breki, waya wa ABS, kebo ya breki ya mkono na kijiti cha sensa ya taa kama kipo. Kimoja kikianza kunyooka, simama ukifungue. Springi ikilegea itoe, weka kirekebishio cha kimo na springi mpya, na hakikisha ncha ya springi imegota kwenye kizuizi cha kiti chake.

Kama vani yako ni ya miaka ya nyuma, tafuta vali ya breki inayosoma mzigo. Hukaa kwenye bodi karibu na ekseli ya nyuma, ikiunganishwa nayo kwa kijiti au springi ndogo. Bodi ikisogea karibu na ekseli, vali huelewa kwamba gari limebeba, na hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Sasa gari umelishusha wewe: ni tupu, lakini vali inaona mzigo. Ukikanyaga breki kwa nguvu barabara ikiwa na maji, magurudumu ya nyuma hujifunga kabla ya ya mbele na mkia unatangulia. Vali lazima ipangwe upya kwa kimo kipya, kwa utaratibu wa kitabu cha gari, na asiye na uhakika ampelekee fundi wa breki.

Usikaze mwisho boliti zinazopita kwenye bushi za mpira huku magurudumu yakining'inia. Bushi hizo zimegandishwa pande zote mbili na hujisokota mkono unapopanda na kushuka. Ukizikaza mkono ukiwa chini, gari likitua zinaishi zimesokotwa: hukatika mapema, na hadi zikatike zinashikilia gari juu ya kimo chake halisi. Inua mkono kwa jeki, gari likiwa bado kwenye stendi, mpaka umbali wa katikati ya habu na ukingo wa mudigadi ufikie kimo unachokitaka, ndipo ukaze kwa torki. Boliti za magurudumu za T5 ni 180 Nm.

Endesha taratibu kilomita chache, rudi upime tena. Usikimbilie kupanga kimo cha mwisho, kwa sababu springi mpya hujikalia kidogo katika kilomita mia chache za mwanzo. Kujua ringi inasogea kiasi gani kwa mzunguko, izungushe mara 10, pima, ugawanye. Mbele, milimita 10 kwenye ringi ni karibu 10 gurudumuni. Nyuma springi iko ndani zaidi kuliko gurudumu, hivyo milimita 10 huzaa zaidi; springi ikiwa katikati ya mkono utapata kama 20. Zungusha ringi gari likiwa limeinuliwa na uzi (mifereji ambayo ringi huzungukia) umesafishwa, la sivyo utaula uzi.

Kimo kikitulia, peleka gari alaimenti, si kabla. Kushuka huongeza kemba hasi na kubadili mwelekeo wa magurudumu, na tairi huliwa upande wa ndani ambako hakuna anayetazama. Taa za mbele zipangwe upya, na kamera au rada za usalama kama gari linazo. Nchi nyingine hudai ukaguzi na kuandikishwa kwa mabadiliko haya, na kampuni ya bima iarifiwe.

Kelele zikitokea, anza na nati ya juu, ringi ya kufungia, na linki ya stabilaiza. Kwenye T5 iliyoshushwa sana stabilaiza yenyewe huweza kugusa draivshafti. Tafuta alama inayong'aa kwenye shafti, na dawa yake ni linki za urefu mwingine au stabilaiza iliyotengenezwa kwa gari lililoshushwa. Mtikisiko unapoongeza mwendo tu, ukiachia unatoweka, ni pembe ya draivshafti: pandisha mbele milimita 10 ujaribu tena. Jaribu pia usukani umekatwa mwisho, gari likiwa na mzigo, na uangalie plastiki ya ndani ya mudigadi kama imelambwa na tairi.

Ringi za alumini kwenye bomba la chuma hushikana zikila chumvi na matope. Ziosheni kila mnapoosha gari, zipakeni nta ya kuzuia kutu, na mara mbili kwa mwaka zizungushwe kidogo na kurudishwa mahali pake. Na hakikisheni jeki ya gari bado inaingia chini tairi ikiwa haina upepo.