Dodoma kwa miguu: soma majengo kwa kivuli chake

Anza saa moja asubuhi kwenye stesheni ya zamani. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukaota kandokando yake. Kutoka hapo panda taratibu kuelekea Nyerere Square, ukiangalia ghorofa za ofisi zilizojengwa baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Mpango mkuu wa 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulimpa mwenda kwa miguu nafasi ya mbele kuliko gari. Ndiyo maana mji huu unastahili kutazamwa kwa miguu.

Washa dira ya simu mbele ya kila jengo, ujue madirisha yanaelekea upande gani. Hapa tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua likifika juu kabisa, mnamo saa sita na nusu mchana, huwa nyuzi 60 hivi upande wa kaskazini. Dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.2 linahitaji bamba la zege lililochomoza sentimita 70 tu ili lifunikwe lote kwa kivuli saa hiyo. Madirisha ya mashariki na magharibi hayaponi kwa bamba hilo, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni hupita chini yake. Yanataka mapezi ya wima, yaani mabamba membamba yaliyosimama kando ya dirisha, au ukuta wa matofali ya matundu. Ukikuta matundu yamezibwa kwa vioo, tazama juu: viyoyozi vimepangana ukutani. Huo ni uharibifu, na ni wa gharama kila mwezi.

Kisha chunguza chini ya mabamba. Dar es Salaam chumvi ya bahari ndiyo hula nondo. Hapa mara nyingi ni maji ya kiyoyozi yanayodondoka pamoja na mlizamu wa paa bapa uliozibwa na majani na vumbi la kiangazi. Mvua za Desemba zikija, maji hutuama na kupenya. Nondo ikipata kutu huvimba, na zege huanza kumeguka. Alama ya mapema ni mstari wa kahawia unaofuata nondo. Kuziba kwa plasta juu ya kutu hakusaidii: lazima zege bovu libanduliwe, nondo isuguliwe, na chanzo cha maji kizibwe kwanza.

Bungeni na stesheni, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Beba maji lita moja na nusu, umalize matembezi kabla ya saa nne asubuhi.