Hewa Kwanza, Taa Baadaye

Jumamosi, usiku.

Kila ninayemwambia kwamba kabati la chumba cha nyuma linageuka shamba huniuliza swali lilelile: umenunua taa gani? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za hewa. Nami kadiri ninavyolifikiria jambo hili, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba taa ndiyo sehemu nyepesi. Taa inanunulika, inaning'inizwa, inawaka. Hewa haionekani, na ndiyo inayoamua kama miche itaishi.

Nguo zimeshatoka. Nimepima: upana sentimita 90, kina 60, kimo mita mbili. Humo itakaa miche ya pilipili, mrehani, na mche mmoja wa nyanya ninaotaka kuufuatilia kwa karibu. Napenda kuona mmea ukikua kuliko ninavyopenda kuuvuna, na nyumba isiyo na ua haimwachii mtu nafasi hiyo. Kwa hiyo ni kabati au basi.

Nje, mmea hupewa mengi ambayo hatuyahesabu. Jua huwaka bila kuombwa, upepo hupita, umande wa usiku hukauka asubuhi, giza huja kwa wakati wake. Ukiuingiza mmea kabatini na kufunga mlango, kazi zote hizo zinakuwa zako. Hilo ndilo linalonivutia, na ndilo lililonifanya nishike kalamu nikokotoe kabla ya kununua chochote.

Nilianza na maji. Karibu maji yote ambayo mizizi huyanyonya, zaidi ya asilimia 95, hayabaki mwilini mwa mmea. Hupanda shinani na kutoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo vya majani. Sasa, kabati langu lina ujazo wa mita moja ya ujazo na chembe. Hewa ya nyuzijoto 25 ikishiba mvuke kabisa hubeba gramu 23 hivi kwa kila mita ya ujazo. Yaani hewa yote iliyomo humu haiwezi kubeba hata vijiko viwili vikubwa vya maji! Nami nitakuwa namwagilia nusu lita, pengine lita nzima, miche ikishashika. Mlango ukifungwa bila njia ya hewa, maji hayo yataenda wapi?

Yatageuka kuwa matone ukutani, hasa taa zikizimwa. Hewa hiyohiyo ikipoa hadi nyuzijoto 20 uwezo wake hushuka hadi gramu 17, na zile zinazozidi hutua juu ya majani na mbao. Hapo ndipo ukungu wa kijivu, ule ambao wataalamu huuita Botrytis cinerea, hupata makao. Kuvu wa udongoni nao hupenda hali hiyo; huuma shina la mche mchanga pale linapotokea ardhini, na mche uliokuwa umesimama jioni unakutwa umelala asubuhi. Watu hulaumu mbegu, au hulaumu udongo. Mara nyingi ni hewa iliyosimama juu ya udongo uliolowa kupita kiasi.

Kisha nikakokotoa upande wa pili, chakula. Hewa ya nje siku hizi ina kaboni dioksidi zaidi kidogo ya sehemu 420 katika kila milioni. Ndani ya kabati langu hiyo ni chini ya gramu moja. Mmea unapokaushwa kabisa, kaboni ni zaidi ya thuluthi moja ya uzito wake, kwa kawaida gramu nne na ushei katika kila kumi, na kaboni hiyo yote imetoka hewani. Kwa hiyo ili miche yangu iongeze gramu kumi tu za uzito mkavu, inahitaji kaboni dioksidi ya kabati hili lililojaa hewa mpya mara ishirini hivi. Nilirudia hesabu hiyo kwa sababu sikuamini macho yangu, ikatoka vilevile. Ukifunga mlango na kuwasha taa kali, unaupa mmea meko bila kuni.

Jan Baptista van Helmont, tabibu wa Brussels wa karne ya 17, aliwahi kupanda mti ndani ya pipa la udongo alioupima, akaumwagilia kwa miaka mitano. Mti ukaongezeka karibu kilo 75, na udongo ukapungua gramu 57 hivi tu. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Jambo linalonigusa ni kwamba mtu huyohuyo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzichunguza gesi kwa makini, na hata hivyo hakuona kwamba sehemu kubwa ya mti wake ilikuwa imeshuka kutoka hewani. Kama yeye ilimpita, si ajabu sisi tunauliza habari za taa.

Basi mpango wangu ni huu. Chini ya mlango, upande wa kushoto, tundu la kuingizia hewa. Juu kabisa, upande wa kulia, feni ya kuitoa, ili hewa ipite kabati zima kimshazari na isikate njia ya mkato. Hewa yenye joto hupanda yenyewe, feni inaisaidia tu. Feni ya sentimita 12, ya aina inayofungwa ndani ya kompyuta, husukuma zaidi ya mita moja ya ujazo kwa dakika ikiwa haina kizuizi, nayo haina kelele ya kumkosesha mtu usingizi. Tundu la kuingilia nitalifanya kubwa kuliko la kutokea, maana feni inayovuta kwa shida haivuti. Na chumba chenyewe lazima kifunguliwe dirisha kila siku, la sivyo nitakuwa nazungusha hewa ileile chafu kati ya kabati na kitanda.

Feni ya pili ni ya ndani, ya kuyatikisa majani. Hii watu huiona anasa. Mimi naiona ya lazima. Juu ya kila jani hukaa tabaka jembamba la hewa tulivu, na upepo mdogo hulipunguza ili jani lipumue. Zaidi ya hapo, mmea husikia kuguswa. Mwaka 1973 Mordecai Jaffe, mtaalamu wa fiziolojia ya mimea, alieleza jinsi mimea inayosuguliwa shina kila siku inavyokua mifupi na minene kuliko isiyoguswa. Mche uliolelewa penye utulivu mtupu hurefuka ukawa dhaifu, na siku ukibeba matunda huinama. Majani yacheze kidogo, yasipigwe. Hicho ndicho kipimo changu.

Taa sasa, kwa kuwa lazima nizitaje. LED nyeupe, wati 100, zenye waya wa kuzipandisha na kuzishusha. Kuta nitazipaka rangi nyeupe isiyong'aa ili mwanga urudi kwenye majani. Wati zote 100 mwishowe hugeuka joto ndani ya kisanduku hiki, jambo linaloturudisha kwenye feni. Kifaa cha kubadilishia umeme kitakaa nje ya kabati. Basi, hayo yanatosha.

Giza linanishughulisha zaidi. Taima itaziacha taa zikiwaka kwa muda wa saa 16 na kuzizima kwa muda wa saa 8 kila siku, na taa zikizimwa sitafungua mlango kuchungulia. Nyanya ikiachiwa mwanga mchana na usiku bila kukoma, majani yake hugeuka manjano na hudhoofika. Si mimea yote inayotaka kula bila kulala. Mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard, watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu tumbaku ya aina ya Maryland Mammoth, iliyokuwa ikigoma kutoa maua wakati wa kiangazi. Walijaribu kuingiza mimea kwenye kibanda cha giza kila alasiri, wakaufupisha mchana wake, ikachanua. Nikisoma habari hiyo nahisi ujirani na watu wale, wanaobeba vyungu kuviingiza na kuvitoa siku baada ya siku ili waelewe mmea unahesabuje usiku.

Kuhusu umeme sina mjadala. Soketi zitakuwa juu kuliko chungu chochote. Kila kebo itaning'inia ishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondoke pale lilipopinda na lisiingie kwenye plagi. Kebo ya nyongeza moja tu, hakuna kuchomeka nyongeza juu ya nyongeza. Hakuna nguo wala karatasi itakayobaki humo, na king'ora cha moshi kitafungwa darini, nje kidogo ya mlango.

Kesho natoboa mbao na kupaka rangi. Kipimajoto na kipimaunyevu vitatundikwa usawa wa majani, si ukutani juu, kwa sababu nataka kujua hali anayoishi mche na si hali ya kabati. Kwa miche michanga unyevu wa asilimia 60 hadi 70 utanifaa. Ukikaa juu ya 80 feni itaongezwa mwendo kabla sijagusa kitu kingine. Feni na taa zitafanya kazi siku nzima bila mmea wowote ndani, nione joto linapanda hadi wapi. Likituama chini ya nyuzijoto 28, nitaanza kusia pilipili, maana huchelewa kuota kuliko wenzake. Mrehani utafuata. Nyanya itakuwa ya mwisho, kwa kuwa ikitangulia itawafunika wote.