Harufu ya ukoko ndani ya karai

Kijana wangu aliporudi likizo kutoka Mombasa nilimpikia wali wa kukaanga. Alikula, akashukuru, kisha akaniuliza kwa upole: "Mama, mbona huu hauna ile ladha ya hotelini?" Sikukasirika. Swali hilo mimi mwenyewe nilikuwa nalo moyoni miaka mingi.

Kabati langu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, lilikuwa limejaa chupa: sosi ya soya aina tatu, sosi ya chaza, sosi ya pilipili, na vidonge vya supu vya kuku na vya ng'ombe. Kila nikionja wali nikauona umepooza, namimina kitu. Ukawa mweusi, ukawa na chumvi, ukalowa mpaka ukakaribia mashendea. Ladha haikuja.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye majahazi, akiwapikia mabaharia juu ya seredani. Alipita kwangu jioni moja baada ya alasiri, akanikuta nakoroga sufuria iliyojaa wali, karoti, kabichi na kamba, vyote kwa pamoja. Akatazama. Akasema, "Mwanangu, hapo hukaangi, watokosa." Kisha akaniuliza: wali ukipakuliwa, watoto hugombea nini? Nikamjibu, ukoko. "Basi hiyo ndiyo ladha unayoitafuta kwenye chupa."

Tangu siku hiyo napika kwa kulifikiria neno lake. Ukoko ni wali uliokauka kwanza, kisha ukageuka rangi. Maadamu kuna maji karaini, joto halipandi sana zaidi ya digrii 100, na kwa joto hilo chakula huiva tu. Ile harufu ya kukaangwa huanza kutoka vizuri joto likifika kama digrii 140 kwenda juu. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kuyafukuza maji kabla sijaanza kutia viungo.

Naanza na wali wenyewe, na lazima uwe mwiku. Wali wa moto una mvuke na hushikana. Ukilala kwenye friji wanga wake hukaza na punje zikaachana. Naupika jana yake, wa basmati au pishori, kwa maji pungufu kidogo na bila tui, maana wali wa nazi huungua kwenye karai kabla haujakauka. Ukiiva siuachi kwenye sufuria. Naumwaga kwenye sinia pana, naupepea, na kabla ya saa moja kwisha uko ndani ya friji. Hapa nasisitiza, kwa sababu joto la Lamu mnalijua. Wali uliolala nje huota bakteria aitwaye Bacillus cereus, na sumu anayoiacha haiondoki hata ukaange kwa moto gani. Umeme ukikatika usiku kucha, wali ule simpi mtu.

Ya pili ni kipimo. Majiko yetu ya gesi ya nyumbani hayana moto wa hotelini, kwa hiyo nakaanga vikombe viwili vya wali kwa mara moja. Tukiwa wengi nakaanga mara tatu. Karai la chuma nalipasha tupu mpaka lianze kutoa moshi mwembamba, ndipo natia mafuta. Wali ukiingia nautandaza na kuuacha kama nusu dakika bila kuugusa. Utausikia ukitatarika. Hapo ndipo naugeuza. Ami yeye bado anashikilia kwamba karai juu ya makaa, upepo wa kusi ukipuliza, halishindwi na gesi yoyote, na nimekula wali wake wa hivyo Shela ufukweni. Ana haki ya kusema.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote: vichwa vya kamba. Watu huvitupa, na mimi zamani nilivitupa! Nikinunua kamba sokoni karibu na Ngome, navitoa vichwa na maganda, navikausha kwa kitambaa, navitia kwenye kikombe kimoja cha mafuta ya moto wa wastani pamoja na kipande cha tangawizi na punje tatu za kitunguu thomu zilizopondwa. Navibonyeza kwa mwiko ili kile kilichomo kichwani kitoke. Baada ya dakika kumi hivi mafuta hugeuka rangi ya machungwa na nyumba nzima hunukia. Nayachuja. Vijiko viwili vya mafuta hayo kwenye wali hufanya kazi ambayo chupa zangu zote hazikuweza. Kamba wenyewe nawakaanga mbali, kwa dakika mbili, nawaweka kando, nawarudisha mwisho.

Ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa, ndio siri nyingine. Mwaka 1908 mtaalamu wa kemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alichunguza supu ya mwani akaitambua glutameti, ambayo ndiyo iko ndani ya ile chumvi nyeupe ya mahoteli na ndani ya vidonge vingi vya supu. Sina ugomvi nayo. Lakini samaki mkavu ana utamu wa namna hiyo hiyo, na sisi tumelelewa naye. Kipande cha ukubwa wa vidole viwili nakiroweka, nakichambua miba, nakikatakata kama punje za mchele na kukikaanga mpaka kikauke kabisa. Chumvi basi siongezi.

Sosi ya soya nimebakisha chupa moja. Nasoma karatasi yake: nataka iliyochachushwa kwa soya, ngano na chumvi, si maji yaliyotiwa rangi. Kijiko kimoja kinatosha, na simwagii juu ya wali. Nauvuta wali upande mmoja, naimimina kwenye chuma kilicho wazi, ichemke na kunukia, kisha nachanganya.

Mboga za kukaanga ni sheria ile ile: zioshwe mapema zikauke, karoti na mishiri zitangulie, kabichi ifuate, dania mwisho. Ngisi akipita dakika mbili huwa raba. Nyama ya ng'ombe naikata vipande vyembamba kukingamisha nyuzi zake, naipaka papai bichi lililokwaruzwa kama tunavyofanya kwenye mishkaki, dakika ishirini tu, kisha naifuta. Siku moja nililiacha kwa muda wa saa tatu, nyama ikalegea kama uji.

Moto ukizimwa natia ndimu, au ukwaju mzito nusu kijiko, pamoja na simsim niliyoikaanga kavu na kuitwanga. Wengine hununua mafuta yake ya chupa, nayo ni mazuri, ila yawe matone machache na yasipikwe.

Kijana wangu alipokaribia kurudi chuoni nilimpikia tena. Safari hii hakuniuliza chochote. Alilikwaruza karai kwa kijiko. Usiku ule nikaigandisha chupa ndogo ya mafuta ya kamba, nikaifunga mifuko mitatu, na asubuhi akavuka nayo hadi Mokowe, upande wa bara, kupanda basi. Nilimwambia akifika tu aiweke kwenye friji, aimalize ndani ya wiki. Siku ya tatu akanipigia simu kuniuliza vichwa vya kamba Mombasa vinauzwa wapi.