Mashine Imechoka, au Propela Haiifai? Namna ya Kupima Boti Kigoma

Katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, boti inayojikokota ikiwa na abiria hupewa hukumu kabla hata boliti moja haijafunguliwa: mashine imechoka. Mwenye boti huanza kuulizia bei ya pistoni na ringi, fundi hufungua silindahedi, na kitu pekee kinachobaki bila kuangaliwa ni kile kinachozunguka chini ya maji. Naamini kwamba nyingi kati ya mashine hizo hazijachoka bali zimefungwa propela isiyozifaa, na kwamba jambo hilo hupimika kwa namba, bila kubahatisha na bila kutegemea sikio la mzoefu.

Kipimo chenyewe ni kimoja. Kitabu cha mashine hutaja mizunguko kwa dakika ambayo injini inapaswa kufikia ekseleta ikiwa imefunguliwa yote. Kwa mashine nyingi za nguvu ya farasi 40 zile za kuchanganya petroli na oili, kiwango hicho ni kati ya 4,500 na 5,500. Kwa nyingi za mipigo minne, zisizochanganyiwa oili kwenye petroli, ni kati ya 5,000 na 6,000. Propela inayofaa ni ile inayoiwezesha injini kufika ndani ya kiwango hicho boti ikiwa na mzigo wake wa kila siku. Injini ikishindwa kufika, propela ni nzito mno kwake, yaani ni ngumu kuizungusha majini. Ikipita, propela ni nyepesi mno. Kasi ya boti tupu, ambayo manahodha hupenda kujivunia, haithibitishi lolote.

Propela huwa imegongwa namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo, na ya pili ni pitchi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao. Namba zote mbili huwa kwa inchi. Ukipunguza pitchi kwa inchi 1, injini hupanda kwa mizunguko 150 hadi 200 hivi kwa dakika, na ukiiongeza hushuka kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mtu aliyesoma mizunguko 4,200 mahali palipotakiwa 5,000 anajua tayari kwamba anahitaji kushuka inchi 4 au 5, si inchi 1.

Huku kwetu kuna jambo ambalo mafundi wa pwani hawalazimiki kulifikiria. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida inayovuta hewa bila kusukumiwa hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mashine ya farasi 40 iliyojaribiwa Dar es Salaam hufika Kigoma ikiwa na farasi 37 hivi. Hasara hiyo huonekana katika mizunguko kama upungufu wa 100 au 200, kwa hiyo propela iliyokuwa sawa kabisa baharini inaweza kuwa imezidi kwa inchi 1 hapa ziwani, ingawa hakuna kitu kilichoharibika.

Kabla ya kuilaumu propela, injini nayo lazima iondolewe mashaka. Zima mashine, sukuma ekseleta hadi mwisho, kisha angalia kwenye kabureta kama kipepeo, yaani kibamba kinachopitisha hewa, kimefunguka chote, kwa maana waya uliolegea huzuia robo nzima ya ufunguzi na kufanya boti ionekane imebeba propela nzito. Angalia chujio la petroli, mpira wa mafuta na plagi, na pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya kila silinda. Sugua mwani chini ya boti. Kipimo cha mizunguko pia kina ujanja wake: vile vinavyozungushiwa waya kwenye waya wa plagi lazima viwekwe kulingana na idadi ya cheche zinazotoka katika kila mzunguko, la sivyo vitasoma nusu au mara mbili ya ukweli, na fundi atabadilisha propela isiyo na kosa lolote.

Jaribio hufanywa boti ikiwa imebeba kile inachobeba siku zote. Kama ni ya abiria wa Kagunga, wawemo watu au mifuko ya mchanga yenye uzito wao. Kama ni ya kupeleka watalii Gombe, iwe na watalii hao na mizigo yao. Afadhali uende asubuhi kabla upepo haujaamka, hasa katika miezi ya kiangazi ambapo upepo wa kusini mashariki hulikoroga ziwa. Kimbiza boti kwa ekseleta yote hadi kasi itulie, andika mizunguko na kasi ya GPS ya simu, kisha geuka urudie ukielekea ulikotoka, na uchukue wastani wa mikimbio yote miwili.

Mizunguko ikiwa chini, boti ikichelewa kupata mwendo, na injini ikinguruma kwa sauti nzito, injini inabebeshwa mzigo unaoizidi. Huu ndio ugonjwa ninaouogopa zaidi, kwa sababu haujitangazi mapema: joto hupanda ndani ya silinda, mkaa hujijenga kwenye ringi, na siku moja pistoni hutoboka katikati ya ziwa. Kinyume chake, mizunguko ikipita kiwango, usikimbilie kununua pitchi kubwa. Huenda propela inavuta hewa kwa sababu mashine imefungwa juu mno. Bamba lililo juu ya propela linapaswa kuwa sawa na kitako cha boti au chini yake kidogo, na mashine ya shafti fupi, iliyokusudiwa ubao wa tezi (ubao wa nyuma ya boti unaofungiwa mashine) wa sentimita 38 hivi, haiwezi kufanya kazi kwenye tezi ya sentimita 51. Huenda pia mpira ulio ndani ya kitovu cha propela umeachia. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye bushi ya ndani hadi kwenye kitovu, kimbiza boti, kisha tazama: mstari ukikatika, mpira umekwisha.

Kwenye boti yenye mashine mbili uchunguzi ni mzuri zaidi, maana kila mashine ni shahidi wa mwenzake. Tuseme ya kushoto inasoma 4,900 na ya kulia 4,300. Badilisha propela tu, ya kushoto iende kulia, ilimradi zote zinazunguka upande mmoja, kisha rudia jaribio. Upungufu ukihama pamoja na propela, kosa ni la propela. Ukibaki kulia, rudi kwenye injini, kabureta na waya wa ekseleta. Jaribio hilo halina gharama, na bado nimeona watu wakikosana na fundi kwa wiki nzima badala ya kulifanya.

Ikiwa kosa ni la propela, usiiamini namba iliyogongwa juu yake. Propela nyingi za alumini mwaloni zimepiga mawe, zikachomelewa na kunyooshwa kwa nyundo, na baada ya hapo pitchi yake halisi aijuaye ni propela yenyewe. Ilaze juu ya ubao ulionyooka, chora duara lililo kwenye asilimia 70 ya urefu kutoka katikati hadi ncha, kisha pima kimo cha kingo mbili za kila panga kwenye duara hilo. Kama panga limechukua nyuzi 60 za duara na tofauti ya vimo ni sentimita 5.5, zidisha kwa 6, maana nyuzi 60 ni sehemu ya sita ya duara: pitchi ni sentimita 33, yaani inchi 13. Mapanga yakitofautiana, hapo ndipo mtetemo unapotoka.

Hesabu ya mtelezo, yaani sehemu ya mwendo wa pitchi ambayo boti haiipati majini, hukamilisha picha. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa gia ya 2 kwa 1, propela huzunguka mara 2,500, na kwa pitchi ya inchi 13 ingesafiri kilomita 49.5 kwa saa. GPS ikisoma 42, mtelezo ni asilimia 15, jambo la kawaida kwa boti nyepesi ya faiba inayoinuka juu ya maji. Boti nzito ya mbao inaweza kupita asilimia 30 bila kuwa na kosa.

Linabaki suala la boti inayokwenda imejaa saruji na kurudi tupu. Mimi huchagua propela kwa ajili ya safari ya kwenda, kiasi kwamba ikiwa na mzigo injini inafika katikati ya kiwango chake, na wakati wa kurudi nahodha huiacha ekseleta pungufu ili mizunguko isipite. Mwenye uwezo anunue propela mbili zilizotofautiana inchi 2, aziweke ndani ya boti pamoja na pini na nati ya akiba, kwa kuwa kuibadilisha ufukweni ni kazi ya dakika chache.