Nilivyopandisha zahanati kuwa kituo cha afya Mbagala

Kila niliyemuuliza nianzie wapi alinijibu hivyohivyo: "Jenga kwanza, kibali kitakukuta njiani." Wengi wao hawajasajili hata duka la dawa. Cheti cha zahanati hakigeuki cha kituo cha afya kwa kuwa umeongeza vitanda. Maombi yanaanzia kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, yanapita mkoani, ndipo yafike kwa Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi wizarani. Na kibali hicho hakibebi vingine: maabara ina bodi yake, dawa ziko chini ya Baraza la Famasi, eksirei ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Michoro ya chumba cha eksirei ipeleke mapema, fundi hajapiga plasta.

Lakini kilichonitesa ni korido. Mchoraji aliapa mita 1.2 inatosha, na kweli, ukinyoosha mbele machela inapita vizuri. Kwenye kona sasa! Nikamwambia seremala akate ubao wa plaiwudi mita 2.1 kwa sentimita 75, kipimo cha machela, aufunge magurudumu manne. Tukausukuma kutoka chumba cha kujifungulia kwenda upasuaji: pua ikagonga ukuta wa nje, ubavu ukabana kona ya ndani, ukagoma kabisa. Mchoraji akatazama dari. Badala ya kubomoa korido nzima, tulikata kona ya ndani kwa mshazari, sentimita 40 kila upande, baada ya mhandisi kuthibitisha hakuna nguzo pale. Ubao ukapita, na nafasi ya mkono wa nesi ikabaki. Ubao na magurudumu havikufika laki. Kubomoa kungekula mamilioni.

Shimo la kutupia kondo la nyuma nalo usiige la jirani. Kwetu maji yako karibu, masika yanapanda, na shimo refu linageuka kisima kichafu. Tuliinua letu, nusu likabaki juu ya ardhi, kuta na mfuniko wa zege, na bomba la hewa.

Watumishi? Weka leseni zao hai kabla wakaguzi hawajafika, basi.

Kibali kikitoka, peleka nakala NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uombe ngazi mpya. Mkataba wa zahanati haupandi wenyewe, na madai ya kulaza wagonjwa utakayotuma kabla ya hapo yatarudi.