Waya wa urefu wa kidole

Mwaka 2009 wakati wa masika nilikuwa saidia fundi kwenye kibanda cha umeme wa magari pale Gerezani, Dar. Bosi wangu tulimwita Anko, mtu mzima wa Tanga, mpole, ila akishika mita yake ya kupimia umeme hataki mtu amsemeshe. Asubuhi moja ikaja gari imevutwa kwa kamba na pikapu, nikaona ile boneti ndefu tu nikaacha chai yangu nikasimama. Datsun 240Z, gari ya spidi ya Kijapani! Nilikuwa naijua kwa picha, sijawahi hata kuigusa.

Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa Dar, Kiswahili chake cha Kariakoo kabisa. Nikampa shikamoo akaitikia huku ameweka mkono juu ya paa la gari kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Alishakata tamaa, unamuona usoni. Akatuambia Pasaka ya 1973 alikuwa Nairobi, akamuona Shekhar Mehta akimaliza mashindano ya magari ya East African Safari na gari kama hii, walilingana pointi za adhabu na yule Mswidi Harry Källström wa Datsun nyingine, na bado Mehta ndo akapewa ushindi. Miaka miwili nyuma yake, 1971, Edgar Herrmann naye alishinda na 240Z hiyo hiyo. Basi mzee akaapa ataitafuta yake, na akaipata.

Tatizo lenyewe sasa. Barabarani inakwenda safi, ukiikanyaga inavuta bila kusita. Ila ukisimama tu, kwenye taa au kwenye foleni, sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga moto, inaanza kupanda na kushuka, injini inatetemeka, inamisi (moto unakatika) mara mbili tatu, afu inazima. Mzee alikuwa anaishi Kigamboni na wakati huo daraja hakuna, lilikuja kufunguliwa 2016, kwahiyo kila siku foleni ya pantoni, nusu saa gari iko palepale inaunguruma, na ilikuwa inazimika hapo kiasi kwamba watu walishaizoea, wanaisukuma wenyewe mpaka ndani ya pantoni bila kuombwa.

Fundi mmoja alishafungua kabureta zote mbili mara tatu, ile gari ina kabureta mbili za Hitachi, akabadilisha sindano, akabadilisha oili ya juu, na mwisho akapandisha sailensi mpaka mizunguko 1,200 kwa dakika wakati inatakiwa kama 750 hivi, ili isizime. Ikawa inakunywa mafuta na bado inazima. Hili mimi liliniuma na mpaka leo linaniuma, gari ikikosa sailensi watu wote wanakimbilia kabureta kwa sababu kabureta inaonekana, ina skrubu za kuchezea, ukizungusha unasikia sauti inabadilika basi unajiona unatengeneza. Umeme hauonekani. Mtu anamaliza hela ya mzee wa watu kwa kuzungusha skrubu.

Anko hakugusa kabureta hata moja. Aliniambia, "Dogo, kaa ndani, mimi sitaki usikilize injini, wewe angalia mshale wa rev tu, ule wa mizunguko ya injini." Nikakaa, moyo unadunda maana ndo mara ya kwanza nakaa kwenye hicho kiti, usukani mwembamba wa mbao, mbele yangu saa mbili kubwa za dashibodi. Ikaanza kumisi. Mshale haukushuka taratibu pamoja na injini, ulianguka ghafla mpaka chini, ukarudi, ukaanguka tena, na huku injini bado inazunguka naisikia. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa tu. Kwenye 240Z moto wa koili, ile inayokuza umeme wa plagi, unapita kwanza kwenye hiyo saa ya rev ndo unaenda kwenye koili, sasa kama ni mafuta yanakosekana mshale unafuata injini inavyochoka, ila ukianguka ghafla namna ile ujue umeme wenyewe umekatika.

Tukaanza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Anko akaweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya injini, nikapiga stata, ikasoma zaidi ya volti moja, wakati hata nusu haitakiwi kufika. Tukafungua ule mkanda wa ethi, chini yake kijani kitupu, chumvi ya Kigamboni hiyo, upepo wa bahari miaka na miaka. Nikasugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikafunga na grisi. Ikawa nafuu, stata ikapiga kwa nguvu mpya, taa zikawaka nyeupe. Mzee akaanza kutabasamu. Dakika kumi baadaye ikazima tena.

Hapo Anko akafungua kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi. Pointi, zile zinazofunga na kukata umeme wa koili, zilikuwa nzuri, uwazi nusu milimita, kondensa mpya. Akazungusha injini kwa mkono mpaka pointi zikafunga, akawasha swichi, akapima upande wa hasi wa koili. Pointi zikiwa zimefunga pale inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma volti tatu, ikaruka nne, ikashuka mbili, haitulii. Akakaa kimya muda mrefu. Afu akachomoa ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kuja kwenye distribyuta, akauweka mdomoni akaunyonya kama mtoto na mrija. Sahani ya ndani ikajivuta kidogo, na mita ikaanguka sifuri. Akaachia, tatu. Akanyonya, sifuri. Akanipa na mimi ninyonye, nikasikia ladha ya petroli, nikaona mwenyewe namba zinavyoshuka.

Jamani, nilielewa kila kitu kwa sekunde moja. Gari ikiwa kwenye sailensi ule mpira hauna mvuto wowote, ukikanyaga moto kidogo ndo unavuta, sahani inazunguka. Kwahiyo barabarani nzima, ikisimama inakufa!

Ndani kuna kiwaya cha ethi kinachounganisha ile sahani na mwili wa distribyuta, urefu wake hauzidi kidole. Kwa macho kilikuwa kizima kabisa, ngozi yake haina hata mkwaruzo. Anko akakikamata kwa koleo ndogo akakivuta polepole, kikarefuka kama mpira. Shaba ya ndani ilishakatika zamani, imebaki ngozi, na sahani ikijivuta ncha mbili zinagusana.

Waya wa kawaida haufai pale, unajikunja mara elfu na elfu kwa siku, utakatika baada ya wiki. Tukatafuta kibandani chote, hakuna uliokuwa laini vya kutosha. Anko akaiangalia mita yake, ile aliyoinunua kwa hela ya miezi kadhaa, haruhusu mtu aishike, akachukua kisu akakata kipande kwenye waya wake mweusi. Sikuamini. Nyuzi zake ni nyembamba kama nywele, akazilehemu kwa risasi huku na huku, akaacha ulegevu kidogo ijikunje bila kujivuta.

Ilivyowaka akaanza kurudisha zile skrubu chini, 1,200, elfu, mia tisa, mpaka 750 ikatulia. Mzee akaweka glasi ya chai, ile chai yangu iliyopoa, juu ya kava ya injini, mitungi sita inaunguruma chini yake na chai inacheza kidogo tu katikati, haimwagiki. Akawasha taa, wipa, feni. Haikushuka. Akafuta miwani yake kwa shati, akasema, "Fundi, leo nitasubiri pantoni hata masaa mawili." Akaondoka jioni ile ile, na mvua.

Anko aliifunga ile mita kwa kipande cha waya wa njano akaendelea nayo hivyo hivyo mpaka alipostaafu akanipa. Ninayo, bado ina ule waya wa njano.